Glasi Tano Mezani: Nilivyoanza Kuijua Wiski ya Uskoti

Shikamooni wakubwa zangu, na wadogo zangu habari za huko nyumbani. Leo nawasalimu kutoka jikoni kwangu hapa Glasgow, na mbele yangu, kama mnavyoona, kuna glasi tano zenye wiski kidogo sana, mililita 15 kila moja, pamoja na jagi la maji na vipande vya mkate. Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini, baada ya miaka minne ya kuishi Uskoti, sijawahi kuzungumzia kinywaji kilichoipa nchi hii sifa duniani kote. Sababu ni kwamba sikuwa na la kusema. Mwaka huu nimeamua kujifunza tangu mwanzo, na jambo lililonisaidia kuliko maelezo yote ya wauzaji ni kuziweka wiski tofauti pamoja mezani, nikazinusa na kuzionja kwa zamu katika kikao kimoja, kwa sababu ulimi husahau haraka sana, na wiski ya leo huwezi kuilinganisha kwa haki na ile uliyokunywa mwezi uliopita.

Wale msiotumia kileo, kwa dini au kwa hiari, nawaomba mbaki nami, maana habari ya utengenezaji wake inaanzia mahali tunapopafahamu. Mimi nimekulia Marangu, na bibi yangu alikuwa fundi wa mbege, ile pombe yetu ya ndizi na ulezi, hivyo neno kimea nimelijua tangu utotoni: ulezi unalowekwa, unaachwa uchipue, unaanikwa, kisha unasagwa. Waskoti huifanyia shayiri jambo lile lile. Kimea hicho husagwa na kuchanganywa na maji ya moto ili kitoe sukari yake, hutiwa hamira, na baada ya siku chache hupatikana pombe isiyo kali sana, ambayo huchemshwa katika vyungu vikubwa vya shaba na mvuke wake kupozwa uwe matone, kwa kawaida mara mbili. Kufikia hapo hata mpika gongo angeitambua kazi hiyo. Tofauti kubwa huja baadaye, kwa kuwa sheria inadai kwamba pombe hiyo, ambayo wakati huo ni nyeupe kama maji, ikae ndani ya mapipa ya mwaloni, hapa hapa Uskoti, kwa muda usiopungua miaka 3, na itiwe kwenye chupa ikiwa na nguvu isiyopungua asilimia 40.

Glasi ya kwanza mnaijua nyote, nayo ni Johnnie Walker Black Label. Nimeiweka mwanzo kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo wiski niliyoiona kwenye meza ya wakubwa katika harusi za kwetu, ikichanganywa na soda, na kwa miaka mingi nilidhani kwamba ladha yake ndiyo ladha ya wiski zote. Hii ni wiski ya mchanganyiko, maana yake ni kwamba wiski za kimea kutoka viwanda mbalimbali zimeunganishwa na wiski nyepesi ya nafaka nyingine, kama vile ngano au mahindi. Nambari 12 iliyo kwenye lebo ni umri wa wiski changa kuliko zote zilizomo, wala si wastani. Nikiinusa sasa hivi, napata utamu, napata kitu kama vanila, na zaidi ya hapo nasema tu kwamba ni wiski. Naomba mkumbuke jibu hilo.

Glasi nyingine nne ni za kimea cha shayiri peke yake kutoka kiwanda kimoja kimoja, na kwenye lebo zake mtaona maneno "single malt". Ya pili ni Auchentoshan, inayotengenezwa nje kidogo ya Glasgow, ambako pombe hupitishwa kwenye vyungu mara tatu badala ya mbili. Ni nyepesi, laini, tamu kiasi, na kwa anayeanza haina la kumtisha. Ya tatu ni Glenfiddich ya miaka 12, kutoka mji wa Dufftown katika eneo la Speyside, ambako William Grant na watoto wake walijenga kiwanda kwa mikono yao na kupata matone ya kwanza siku ya Krismasi ya mwaka 1887. Harufu yake ni ya matunda mabichi, hasa peasi, na ukiipokea moja kwa moja kutoka kwenye ile ya pili utaona kwamba ina uzito zaidi mdomoni.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza habari za mapipa. Watengenezaji wa wiski ya burboni huko Marekani hutakiwa na sheria kutumia mwaloni mpya, basi mapipa yao yakishatumika mara moja huuzwa, na mengi huishia Uskoti, yakiwa yameacha ule utamu wa vanila. Mapipa mengine ni yale yaliyokaa mvinyo wa sheri wa Hispania, na matokeo yake ni glasi hii ya nne, GlenDronach ya miaka 12. Hebu itazameni kwenye mwanga ilivyo nyekundu-kahawia. Harufu yake ni zabibu kavu, tende, na karafuu kwa mbali, kana kwamba mtu amefunua sufuria ya pilau chumba cha pili. Lakini msiihukumu wiski yoyote kwa rangi, kwani sheria inaruhusu kuongeza rangi ya karameli, na wengi huiongeza.

Sasa nimekula mkate, nimekunywa maji, naikaribia ya tano. Hii ni Laphroaig ya miaka 10, kutoka kisiwa cha Islay, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1815 ukingoni mwa bahari. Mara ya kwanza nilipewa katika baa moja bila maelezo yoyote, ikiwa glasi ya kwanza ya jioni, nami nikairudisha mezani nikiamini kwamba imeharibika. Sikuelewa kwamba Islay haikuwa na kuni za kutosha, na watu wake walikausha kimea kwa piti, yaani mimea iliyooza katika ardhi ya majimaji kwa maelfu ya miaka, ambayo hukatwa kama matofali, huanikwa, na huchomwa ikitoa moshi mzito. Moshi huo hushika kwenye punje ya shayiri na hautoki tena, hata baada ya kuchemshwa na kukaa kwenye pipa mwongo mzima. Watu wa pwani wanaofukiza mitungi ya maji kwa ubani watalielewa jambo hili kuliko mimi.

Nikiinusa, napata kwanza ayodini, ile dawa ya vidonda ya zahanati, kisha jiko la kuni lililozimwa, kisha samaki mkavu na chumvi. Naongeza matone matatu ya maji kwa kijiko. Subirini kidogo. Ukali wa kileo umepungua, na chini ya moshi kumetokea utamu ambao sikuupata mwanzo, kama asali iliyopakwa kwenye mkate ulioungua pembeni. Maji hayaharibu wiski, ndugu zangu, na anayewaambia kwamba kuongeza maji ni kosa msimsikilize. Ninachowasihi ni kwamba glasi ya moshi iwe ya mwisho daima, kwa sababu ikitangulia, zile laini hutazisikia kabisa.

Isipokuwa jambo moja, ambalo ndilo lililonifanya niwashe kamera leo. Naisukutua midomo yangu kwa maji, nangoja dakika tano, na narudi kwenye glasi ya kwanza, ile Black Label ya harusini. Ndani yake mna wiski ya Caol Ila, kiwanda kingine cha Islay. Nainusa tena taratibu, mdomo ukiwa wazi kidogo. Upo. Moshi upo, nyuma ya vanila, mwembamba kama wa jiko la jirani wakati wa jioni, na baada ya kumeza unabaki nyuma ya ulimi. Nimeinywa wiski hii kwa zaidi ya miaka kumi bila kuujua, kwa kuwa sikuwa nimewahi kukutana nao ukiwa peke yake. Nimekwisha kuagiza chupa ndogo ya Caol Ila yenyewe, ya mililita 50, na ikifika nitaiweka kando ya glasi hii hii tuzinuse pamoja.