Ukishaambiwa Pa Kwenda, Nani Atakusindikiza?

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji wetu. Mimi ni Zuhura, na niko na kaka yangu Baraka kama kawaida. Leo tuna jambo ambalo mmekuwa mkituandikia kwa muda mrefu: mtu anaumwa, au moyo umemwelemea, anaishi katikati ya watu kabisa, lakini hajui aanzie wapi kutafuta msaada.

BARAKA: Asante dada Zuhura, na shikamooni wakubwa wote mnaotusikiliza. Naomba nianze na kisa cha kweli. Ni Mei 1935, mji wa Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Kuna bwana anaitwa Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa, mgeni pale. Ameacha pombe miezi michache tu. Shughuli iliyompeleka imeharibika, na sasa amesimama peke yake hotelini. Upande mmoja baa, watu wanacheka. Upande mwingine simu.

ZUHURA: Na hana rafiki pale.

BARAKA: Hana. Lakini kuna orodha ya makanisa ya mji. Akachagua namba, akapiga. Akamwambia mchungaji aliyepokea kwamba anahitaji kuzungumza na mlevi mwenzake. Mchungaji akampa majina ya watu, akaendelea kupiga, mpaka akafikishwa kwa mama mmoja, Henrietta Seiberling. Mama huyu hakuwa na tatizo la pombe hata kidogo, ila alikuwa akimhangaikia daktari wa upasuaji aliyekuwa anateswa nayo. Kesho yake akawakutanisha nyumbani kwake. Daktari mwenyewe, Bob Smith, alikuja akisema atakaa robo saa tu. Wakazungumza kwa saa kadhaa. Hapo ndipo Alcoholics Anonymous, umoja wa watu wanaosaidiana kuacha pombe, ulipoanzia, na leo vikundi vyake viko duniani kote.

ZUHURA: Angalia namna alivyouliza, kaka. Hakusema tu "nina shida, nisaidieni." Alisema anachohitaji: mtu anayepitia kama yeye, wa kuzungumza naye. Swali la namna hiyo linamsaidia hata anayeulizwa. Ukimwambia mtu "sijisikii vizuri siku hizi," atakupa pole na mazungumzo yataishia hapo. Ukimwambia "mama yangu amepata kiharusi, natafuta mtu wa kutufundisha kumgeuza kitandani," kichwa chake kinaanza kutafuta majina.

BARAKA: Na waliomfikisha hawakuwa wataalamu wa pombe. Mchungaji, kisha mama wa watu.

ZUHURA: Kila jamii ina watu wa aina hiyo, wale ambao kila mtu anawajua na wao wanajua kila mtu. Anaweza kuwa muuguzi mstaafu, mwalimu, kiongozi wa dini, mkutubi, hata mfamasia. Mfamasia tunamsahau sana! Anaona dawa za kisukari, za presha na za kifafa zinavyochukuliwa kila mwezi. Hawezi kukutajia mgonjwa mwingine, na hapaswi, lakini mara nyingi atajua kama kuna kikundi cha wagonjwa na kinakutana wapi.

BARAKA: Halafu kuna mhudumu wa afya ya jamii. Septemba 1978, kwenye mkutano wa kimataifa uliohusu afya ya msingi, uliofanyika mji wa Alma-Ata, Kazakhstan, wakati huo sehemu ya Urusi ya Kisovieti, nchi za dunia zilikubaliana kwamba huduma ya msingi ya afya iwe karibu na watu wanapoishi na kufanya kazi, na wahudumu wa jamii walitajwa pale pale kwenye azimio. Kwa hiyo mahali wanapopatikana, hao ndio wa kuwaona mapema. Wanaingia nyumbani. Wanajua nani ana mtoto mchanga na nani amelala wiki nzima.

ZUHURA: Na ofisa ustawi wa jamii. Watu wengi wanadhani kazi yake ni kesi za ndoa na watoto tu, kumbe hata mtu mwenye ulemavu anayehitaji kifaa, au familia iliyolemewa na gharama za matibabu, anaweza kuanzia hapo.

BARAKA: Kuna msikilizaji aliuliza, si rahisi tu kutafuta kwenye intaneti?

ZUHURA: Tafuta, ni mwanzo mzuri. Lakini orodha zinazeeka. Namba imebadilika, kikundi kimehama, mratibu ameacha. Mtu aliyejikaza wiki nzima mpaka akapiga simu, akakuta namba haipatikani, huyo hapigi nyingine. Kwa hiyo kama unamtafutia mwenzako, piga wewe kwanza. Hakikisha wapo, wanakutana siku gani na mlango ni upi, ndipo umpelekee.

BARAKA: Hapo umenigusa, kwa sababu lipo jambo linaloniuma kuhusu huduma za afya. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Julian Tudor Hart, aliandika katika jarida la Lancet kwamba huduma nzuri hupatikana kwa uchache pale inapohitajika zaidi, na kwa wingi pale isipohitajika sana. Alikuwa daktari wa kijiji cha wachimba makaa ya mawe, Glyncorrwg, kwa hiyo alikuwa anaandika anachokiona. Na hakuishia kuandika. Aliamua kupima shinikizo la damu kwa watu wazima wote waliokuwa chini yake, hata waliokuja kwa jambo jingine kabisa. Hakungoja waugue ndipo waje.

ZUHURA: Maana anayehitaji zaidi ndiye mwenye nguvu kidogo zaidi za kutafuta. Sonona inamnyima mtu hata hamu ya kuoga. Utamwambiaje apange foleni ofisi nne, ajaze fomu, apige simu isiyopokelewa, arudi kesho? Tunamlaumu kwamba hajisaidii, kumbe tumemwekea mlima.

BARAKA: Sasa hapo ndipo penye kazi, dada. Simulia ile ya jirani yako.

ZUHURA: Jirani yangu, mama mtu mzima, aliambiwa ana kisukari. Kituoni wakampa karatasi yenye jina la kikundi na siku ya kukutana. Karatasi ile ilikaa kwenye mkoba wake mpaka ikachakaa. Kila nikimuuliza, "nitakwenda mwanangu." Siku moja nikamwambia, mama, kesho nakupitia, twende wote. Tukafika. Akasimama nje ya mlango, mkoba kaukumbatia kifuani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Watanijua." Hakuogopa ugonjwa, aliogopa kuonekana. Nikaingia mimi kwanza, nikamuita mratibu akaja nje, wakasalimiana, wakakaa kwenye benchi pale pale wakazungumza. Baadaye mratibu akamshika mkono wakaingia. Safari iliyofuata hakunihitaji tena.

BARAKA: Kumbe ile karatasi haikuwa na kosa.

ZUHURA: Haikuwa na kosa, ila haina miguu ya kumpeleka mtu. Mimi naamini hivi: wengi hawakosi kuambiwa pa kwenda, wanakosa wa kwenda naye. Kama una ndugu aliyekwama, usimtumie namba ukadhani umemaliza. Msindikize, angalau mara ya kwanza.

BARAKA: Uingereza wamelifanya hili kuwa kazi ya mshahara. Daktari akiona shida ya mgonjwa si ya dawa peke yake, labda upweke, madeni au msiba, anampeleka kwa mtu wa kuunganisha. Huyo anakaa naye kwa utulivu, anamuuliza jambo gani lina maana kwake maishani, kisha wanatafuta pamoja: kikundi cha kutembea, bustani, kwaya, ushauri wa madeni. Na mara nyingine anakwenda naye siku ya kwanza. Mwaka 2019 mpango wa huduma ya afya ya taifa ulilenga kuwa na zaidi ya watu 1,000 wa kazi hiyo.

ZUHURA: Na hili si suala la kupoteza muda. Upweke unaumiza mwili. Mwaka 2010 watafiti walikusanya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, wakakuta wenye mahusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano wa kubaki hai uliozidi wa wengine kwa asilimia 50 katika kipindi walichofuatiliwa. Na mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti ikisema mtu 1 kati ya 6 duniani anaguswa na upweke.

BARAKA: Sasa twende Zimbabwe, maana mimi Benchi la Urafiki nalipenda sana. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 huko Mbare, Harare, na bibi 14. Bibi hasa, wanawake wazee wa mtaa waliokuwa wanajitolea kwenye afya ya jamii. Wataalamu wa afya ya akili walikuwa wachache mno, lakini bibi walikuwepo na watu waliwaheshimu.

ZUHURA: Waeleze wanavyofanya, kwa sababu si kukaa tu na kupeana pole.

BARAKA: Benchi la mbao linawekwa nje, kwenye eneo la kituo cha afya. Unakaa na bibi, anakusikiliza. Unataja matatizo yako yote: mume, kodi, mtoto, ugonjwa. Kisha unachagua moja. Moja tu! Halafu mnapanga hatua ndogo ambayo wewe mwenyewe utaifanya kabla hamjaonana tena. Ukirudi, mnaangalia ilikwendaje. Baadaye unakaribishwa kwenye kikundi cha wenzako, wakifuma mikoba kwa plastiki zilizotumika huku wakizungumza. Jaribio lililofanyika kwenye vituo 24 vya Harare, lenye watu 573, lilichapishwa mwaka 2016, na waliopitia kwenye benchi walikuwa na dalili chache za sonona na wasiwasi baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida.

ZUHURA: Ile ya kuchagua tatizo moja hata mtu asiye na benchi karibu anaweza kuianza leo, na mtu anayemwamini.

BARAKA: Sasa tahadhari, dada. Maana si kila anayejiita msaada ni msaada.

ZUHURA: Hili tulisikilize kwa makini. Mtu akikuahidi kuponya kabisa ugonjwa wa kudumu, ondoka. Akikuambia uache dawa za hospitali, ondoka haraka. Kisukari cha kutegemea insulini, kifafa, virusi vya Ukimwi, kifua kikuu: kuacha dawa hizo kwa neno la mtu kunaweza kukuua. Na akikukataza kuwaambia ndugu zako mnachofanya, jua hapo pana jambo. Kikundi kizuri hakikuzuii kumuona daktari. Kitakuuliza hata kama umekwenda.

BARAKA: Mimi huwa nauliza maswali machache kabla ya kujiunga. Nani anaongoza, na amefunzwa nini? Kuna malipo? Ninachosema kinabaki humu? Naruhusiwa kuja na mtu? Na shida ikiwazidi, mnatupeleka wapi? Hili la mwisho ndilo linalonionyesha kama wanajua mipaka yao. Wakijibu "hatujawahi kushindwa," mimi natafuta kwingine.

ZUHURA: Na kuna hali ambazo si za kikundi. Maumivu makali ya kifua, mdomo kupinda ghafla au mkono mmoja kukosa nguvu, mjamzito kutokwa damu, hizo ni za hospitali sasa hivi. Vilevile mtu anayesema hataki kuishi. Usimwache peke yake. Ondoa vitu anavyoweza kujidhuru navyo, ita mtu mwingine, mpelekeni kituo cha afya. Na muulize waziwazi kama anafikiria kujiua.

BARAKA: Wengi wanaogopa kuuliza. Wanaona kama watamtia wazo.

ZUHURA: Hapana, kuuliza hakumtii wazo. Shirika la Afya Duniani limelisema hilo wazi. Mara nyingi mtu huyo amebeba wazo hilo peke yake kwa siku nyingi, na anapumua anapokuta kuna anayeweza kulisikia. Muulize kwa upole, kisha nyamaza umsikilize. Usimkemee, usimwambie anamkosea Mungu. Waliosema maneno hayo walikuwa na nia njema, lakini mlango hufungwa pale pale.

BARAKA: Tuna dakika chache. Kuna dada ametuandikia kwamba alikwenda kwenye kikundi cha waliofiwa, hakujisikia sawa, hakurudi. Anauliza kama tatizo ni yeye.

ZUHURA: Si wewe, mdogo wangu. Vikundi vina tabia zake kama watu. Kingine kinaongea sana, kingine kinasali, kingine wote ni wakubwa kuliko wewe. Kama unaweza, mweleze mratibu kilichokusumbua, anaweza kujua kikundi kingine au mtu mmoja wa kuzungumza naye pembeni. Na kama ulikwenda kikundini wakati msiba wako ukiwa bado wa moto, inawezekana ulikuwa bado huna maneno. Unaweza kurudi ukakaa kimya, vikundi vingi havimlazimishi mtu kusema.

BARAKA: Na anayeuguza je? Maana kila mtu anamuuliza mgonjwa hali.

ZUHURA: Ahsante kwa kumkumbuka. Wewe unayeuguza, unapompeleka mgonjwa wako kliniki, sema na habari zako. Sema hulali. Sema mgongo unauma kwa kumnyanyua. Uliza kama kuna anayeweza kukaa naye nusu siku uende kujipima na wewe. Na sisi majirani, tusiseme "ukihitaji chochote niambie," kwa sababu hatasema. Tuseme "Jumamosi asubuhi nakuja kukaa naye, wewe toka."

BARAKA: Kipindi kijacho tutakaa hapo hapo, kwa wanaouguza. Kama unamuuguza mtu, tuandikie siku yako inaanzaje, tutasoma bila kutaja jina.