Duma na Kofia Yake Nyekundu

Ndugu zangu, karibuni msogee. Mtu akisimama mbele ya picha hii ya kuchorwa, neno la kwanza kumtoka ni, "Huyu duma yu hai!" Simlaumu. Tazameni ule mstari mweusi kama wa machozi, kutoka jichoni hadi mdomoni, na madoa yaliyo mamoja mamoja, si vikundi kama ya chui. London, picha ilipoonyeshwa mwaka 1765, walimwita simbamarara wa kuwindia! Mtoto wa Narok angewasahihisha. (Kicheko.)

Mchoraji ni George Stubbs, mzaliwa wa Liverpool, aliyekaa miezi 18 akichuna mizoga ya farasi, tabaka kwa tabaka, ili ajue kilichomo chini ya ngozi. Kwa hiyo mwili wa duma huyu hauna kosa. Kosa, kama ni kosa, litafuteni kwingine.

Duma alitoka India. George Pigot, Mwingereza aliyekuwa gavana wa Madras huko huko India, alimzawadia Mfalme George wa Tatu wa Uingereza. Juni 1764, ili waone anavyowinda, wakamtia ndani ya uwanja wa nyavu huko Windsor, kwenye bustani ya mfalme, pamoja na ayala dume, ndiyo, yule wa Zaburi, mwenye pembe za matawi. Watu wakajaa kutazama. Duma akamwendea, ayala akamtimua kwa pembe. Akarudi, akatimuliwa tena. Mwishowe akachomoka nje ya nyavu, akakimbilia msituni, na huko akaua mnyama mwingine, mdogo.

Sasa niambieni: nyavu ziko wapi hapa? Umati uko wapi? Aibu ya duma iko wapi? Stubbs kasimamisha mambo kabla hayajaanza. Watumishi wawili wa Kihindi, nguo nyeupe. Mmoja amemvua duma kofia nyekundu iliyomziba macho, mwingine anaonyesha ayala kwa mkono. Basi.

Aliyeagiza picha ni Pigot mwenyewe. Kwa maoni yangu, hakuna atoaye fedha zake ili zawadi yake ichorwe ikikimbizwa na ayala! Na sisi, kwa kuwa manyoya ni ya kweli, tunaamini na yaliyobaki. Ndiyo maana picha ya namna hii naiogopa kuliko picha yoyote ya duma aliyepakwa rangi ya buluu. Ya buluu haijifanyi shahidi.

Haya, utazameni ule mshipi mwekundu aliofungwa duma, na mikono ya mtumishi anayeushika. Anamzuia, au anamsukuma?