Anza na Uso: Mhadhara kwa Wanaoanza Kushika Kamera

Asanteni kwa kunikaribisha, na asanteni vijana kwa kuwahi. Kwenye ratiba wameandika kwamba nitafundisha istilahi za msingi za filamu na mbinu za kamera. Istilahi nitazipitia haraka, maana nyingi mnazijua kwa macho hata kama jina lake hamlijui. Shoti ni kipande kimoja cha picha, tangu unapoanza kurekodi mpaka unapokata. Fremu ni mipaka ya kile tunachokiona. Wewe ndiye unayeamua nini kiingie na nini kibaki nje. Shoti pana inatuonyesha mahali, shoti ya kati inamkata mtu kiunoni, klozapu ni uso uliojaa kwenye fremu. Kamera ikigeuka kushoto au kulia bila kuhama ni pani, ikiinuka au kuinama ni tilti. Zumu ya simu, mara nyingi, inakata kipande cha picha na kukivuta kiwe kikubwa, ubora unashuka. Una miguu, sogea.

Basi, hizo tumemaliza. Sasa nizungumzie jambo linalonikera kila ninapokaa kutazama kazi za wanaoanza. Nyuso zetu hazionekani! Mwigizaji analia, namsikia analia, lakini macho yake siyaoni. Pazia naliona, kochi naliona, dirisha linawaka nyuma yake, uso umebaki giza. Nikimuuliza aliyeshuti ananijibu, "Mwalimu, yule jamaa ni mweusi sana." Sitaki kuyasikia tena maneno hayo kwa mtu anayejiita mpiga picha. Hakuna mtu mweusi kupita uwezo wa kamera. Kuna mpiga picha aliyeiachia kamera iamue kila kitu.

Na kamera inaamuaje? Ukiiacha kwenye oto, inapima mwanga wote ulioingia kwenye fremu, inatafuta wastani, kisha inauvuta wastani huo uwe kijivu cha katikati, kile kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaokipiga. Haijali kama kilichoko mbele yake ni mtu au ndoo. Sasa msimamishe shangazi yako mbele ya ukuta wa chokaa, Mji Mkongwe pale, mchana kweupe. Ukuta umekula robo tatu ya fremu. Kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza. Ukuta unakuwa kijivu, shangazi anazama gizani.

Kinyume chake mnakiona kwenye harusi. Kundi la akina mama wamevaa mabuibui, ukumbi una mapazia mazito, na bwana harusi yuko pembeni na kanzu yake. Kamera inaona giza limetawala, inaongeza mwanga. Mabuibui yanapauka, na kanzu inaungua, yaani inakuwa nyeupe tupu kwenye picha. Darizi za shingoni, ambazo fundi amezishona kwa mkono usiku na mchana, hazionekani hata uzi mmoja. Familia imelipia kumbukumbu, wewe umewapa doa jeupe.

Najua kuna anayesema moyoni, "Simu yangu mimi inatambua sura yenyewe." Ni kweli, nyingi zinatambua. Lakini mwigizaji akigeuza shingo, au mtu akifungua mlango nyuma yake, simu inabadilisha mawazo katikati ya shoti, na mwanga unapanda na kushuka mbele ya mtazamaji. Hiyo huwezi kuipeleka popote.

Wala msidhani tatizo hili limeletwa na simu. Enzi za filamu ya mkanda, maabara za kusafishia picha zilipima rangi kwa kadi za kampuni ya Kodak zilizoitwa kadi za Shirley. Juu yake palikuwa na picha ya mwanamke wa Kizungu. Ngozi yake ikitoka vizuri, fundi anahesabu mashine iko sawa, picha za watu wote zinapita kwa kipimo hicho. Sisi hatukuwamo. Miaka ya 1970 wenye viwanda vya samani na vya chokoleti walilalamika kwamba aina zao za kahawia hazitofautiani kwenye picha, na malalamiko yao yakachangia kuifanya kampuni iboreshe filamu zake. Yaani mbao za meza zilipata mtetezi kabla ya sura ya bibi yangu. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Nimelisema hili kwenye kila darasa na nitaendelea kulisema, kwa sababu kijana akilijua ataacha kulaumu ngozi ya mtu.

Tufanye nini, basi? Kiasi cha mwanga kinachofika kwenye picha tunakiita eksposha, na kinashikwa na vitu vitatu. Apecha ni tundu la lenzi. Namba yake, ile inayoandikwa baada ya f, ikiwa ndogo tundu ni kubwa, kwa hiyo f/2.8 inaingiza mwanga mara mbili ya f/4. Shata ni muda ambao kila fremu, hapa nina maana ya kila picha moja moja inayounda video, inapokea mwanga. ISO ni kiasi ambacho kamera inakuza kile ilichopokea, na ukiipandisha ovyo picha inajaa chenga. Kwenye simu nyingi apecha haibadiliki, kwa hiyo unacheza na hivyo viwili.

Kwa vitendo: gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, usiachie kidole mpaka simu ifunge eksposha hapo, isiibadilishe tena yenyewe, kisha ipandishe au ishushe ile alama ya kijua. Unapofanya hivyo usitazame ukuta wala anga. Tazama paji la uso, pale panapong'aa, pasiwe peupe mtupu. Halafu tazama shavu lililo upande wa kivuli. Lazima bado uione ngozi pale. Hivyo viwili vikikaa, anza kurekodi. Ukuta wa nyuma ukipauka kidogo, na upauke. Hakuna aliyekuja kutazama ukuta.

"Tutarekebisha kwenye kuediti." Hapana. Video ya simu inabanwa sana wakati wa kurekodi. Ukivuta giza lije juu, unavuta chenga. Na pale palipoungua hapana kitu cha kurudisha, maana hakikurekodiwa.

"Hatuna taa." Mna jua, ila mnalitumia saa mbaya. Huku kwetu saa sita jua liko utosini. Dar es Salaam linapita juu kabisa ya kichwa mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Macho yanakuwa mashimo, pua inatupa kivuli mdomoni. Mtoe mtu juani, mkalishe barazani, aangalie uwanjani. Mwanga unaomfikia pale umeshapiga ardhi na ukuta wa jirani, umelainika, unamzunguka uso mzima. Mtandikie shuka jeupe mbele ya miguu, uone macho yanavyopata uhai. Na poda, jamani, punguzeni. Ngozi nyeusi uzuri wake kwenye kamera ni mng'ao. Mafuta kidogo yanatosha, ukijaza poda unauzima.

Naona naonyeshwa saa, kwa hiyo haya mengine niyataje tu. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinafifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Ndiyo maana mnapata ile mistari inayotembea kwenye picha. Wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50 ya sekunde, itaondoka kwa sehemu kubwa. Watu wawili wakizungumza, chora mstari wa kufikirika kati yao na kamera ibaki upande mmoja wa mstari huo, la sivyo mtazamaji ataona wote wanaangalia upande mmoja. Kuhusu sauti nilikuwa na maneno mengi, hatutayafikia leo. Maikrofoni iwe karibu na mdomo, basi.

Sasa tokeni nje, wawili wawili, mmoja asimame mbele ya ule ukuta mweupe. Nataka shoti tatu za sekunde kumi kumi: ya kwanza oto, ya pili umefunga eksposha usoni, ya tatu umemhamishia kivulini akiangalia uwanja. Baada ya chai tutazitazama zote kwenye projekta, na kila mmoja atatuambia alitazama wapi kabla hajaanza kurekodi.