Kodiani ya Wakajuni: vitufe 10, kazi nzito

Habari za nyumbani, jamani! Leo tuko Louisiana, kusini mwa Marekani, kwa Wakajuni, wazao wa Wafaransa ambao Waingereza walianza kuwafukuza Acadia, huko Kanada ya leo, mwaka 1755. Historia ni ndefu. Mimi nawapeleka moja kwa moja kwenye kodiani.

Wapenzi wa taarab mmezoea kodiani yenye vibao kama vya piano. Hii ni kisanduku cha mbao chenye safu moja ya vitufe 10, na kila kitufe kina sauti mbili: ya kusukuma mvukuto na ya kuvuta. Tuchukue kodiani ya C, yaani do yake ni noti ya C. Kitufe cha 3 ukisukuma ni do, ukivuta ni re. Cha 4, mi na fa. Cha 5, so na la. Raha tupu! Ukifika cha 6 mambo yanageuka: ti inavutwa kwanza, ndipo do ya juu inasukumwa. Wanafunzi hujikwaa papo hapo, mkono umeshazoea kuanza na kusukuma.

Ndani mna ndimi za chuma 80, vibati vyembamba vinavyotetema hewa ikipita, maana kila sauti hupigwa na ndimi 4 kwa pamoja. Ndiyo maana kitu kidogo hivi kinapiga kelele zile!

Kwa kuwa noti za kodiani haziwezi kupandishwa wala kushushwa, fidla ndiyo inayoifuata. Nyuzi zote hushushwa toni nzima, G-D-A-E zikawa F-C-G-D. Mpigaji anaweka vidole vya D, sauti inatoka C.

Na wanaimba Kifaransa. Katiba ya jimbo ya 1921 ilitaka shule zifundishe kwa Kiingereza, na watoto walioteleza wakaongea Kifaransa waliadhibiwa. Mliovishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya mama, mnanielewa. Ila msidanganywe kuwa muziki huu ni wa Wazungu peke yao: Amédé Ardoin, Mkrioli, yaani mtu mweusi wa Louisiana mwenye kuongea Kifaransa, alirekodi mwaka 1929 na mpiga fidla Dennis McGee, na kodiani ya Kikajuni inamfuata mpaka leo.

Unataka kununua? Anza na ya C. Jaribu kila kitufe, kusukuma na kuvuta; ulimi usiolia mara nyingi una vumbi au kutu. Kisha fungua kamba ya mvukuto, ishike kodiani kwa juu bila kubonyeza chochote. Upande wa chini ukishuka haraka, inavuja hewa. Mrudishie mwenyewe.