Mnaotaka Kuwa Marubani wa Jeshi la Majini Marekani, Nisikilizeni

Habari za muda huu jamani. Kila nikipandisha video, hata ya kupika makande, chini lazima nikute mtu: "Dada, mdogo wako yuko jeshi la majini huko, na mimi nataka kuwa rubani hadi nifike kama yule admirali wa Kijapani. Nianzie wapi?" Leo najibu. Na kabla hamjaanza, sijisifu wala silalamiki. Mdogo wangu ni fundi kwenye manowari, si rubani. Mshahara wa anayeanza cheo cha chini kabisa mwaka 2024 ulikuwa dola 2,000 na kidogo kwa mwezi, kabla ya kodi. Sasa anayesema tunaogelea kwenye hela, aje tugawane bili.

Admirali mnayemtaja ni Harry Harris, mstaafu wa jeshi la majini la Marekani. Kweli, kazaliwa Yokosuka, Japani, mwaka 1956, na mama yake ni Mjapani. Wengi mnaishia hapo. Baba yake alikuwa Mmarekani, tena mwanamaji, kwa hiyo Harry alikuwa raia tangu azaliwe na akakulia Tennessee na Florida. Grinikadi, kile kibali cha kuishi Marekani kudumu, hakuihitaji. Wewe uliyepata bahati nasibu ya viza mwaka jana ukajilinganisha naye, mwenzio alishavuka mto kabla hajajua kutambaa.

Halafu hata rubani hakuwa. Alihitimu Annapolis, chuo cha maofisa wa jeshi la majini, mwaka 1978 akawa ofisa wa urukaji, wale wanaokaa kwenye mitambo huku mwingine akishika usukani. Ndege yake ilikuwa P-3 Orion, ya injini nne za pangaboi, inayozunguka juu ya bahari saa nyingi ikitafuta nyambizi. Hapa Virginia ninapoishi jeti za kivita zinapita mpaka vikombe vinatetemeka kabatini, na hizo ndizo mnazoziota. Yeye alikusanya saa 4,400 angani, zaidi ya 400 zikiwa za vitani, kwenye kazi ambayo hakuna anayeipigia picha.

Nyota ya nne, yaani cheo cha admirali kamili, aliipata 2013, miaka 35 baada ya Annapolis, alipopewa meli zote za Pasifiki. Mwaka 2015 akapewa kamandi nzima ya huko, na wanajeshi wa nchi kavu na wa anga wakiwa chini yake. Sisemi ni malaika. Mwaka 2006 alikuwa mkuu wa Guantanamo, gereza la jeshi la Marekani kule Kuba, wafungwa watatu wakafa, jeshi likasema wamejiua, na yeye akasema kujiua kwao ni kitendo cha kivita. Dunia ilimshukia, na mimi naona ilikuwa na haki.

Ila kuna jambo lake moja linanigusa. Aliposema China inajenga ukuta mkubwa wa mchanga baharini, yaani visiwa vya kutengeneza, vyombo vya habari vya China vikaanza na damu ya mama yake. Alipostaafu akapelekwa balozi Korea Kusini, watu wakasema masharubu yake yanawakumbusha magavana wa Kijapani waliowatawala. Mwaka 2020 akayanyoa. Nyota nne mabegani na bado unaulizwa wa wapi! Mimi kazini kuna bwana ananiuliza kila wiki "kwenu hasa ni wapi", na kila wiki namjibu Morogoro. Haya, tuyaache.

Makaratasi sasa. Mwenye grinikadi anaweza kujiunga kama askari wa kawaida. Kuwa ofisa, na rubani wa jeshi la majini ni ofisa, lazima uwe raia. Jeshi linaweza kukufupishia safari ya uraia, na ada ya fomu ya N-400 ya kuombea uraia hulipi, lakini inatakiwa na fomu ya N-426 inayothibitisha utumishi wako. Ya mdogo wangu ilikaa kwenye meza ya mtu mpaka meli ikaondoka nayo haijasainiwa. Kila nikipiga simu naambiwa "iko kwenye mchakato". Niliujua mchakato huo nikiwa Bongo, sikujua una tawi huku.

Na hapo Watanzania tuna mtihani wetu: ukila kiapo cha Marekani ukubwani, pasipoti ya Tanzania ndiyo basi. Wakenya mnaruhusiwa uraia wa nchi mbili tangu katiba ya 2010, kwa hiyo msitucheke. Mdogo wangu alilia. Mama alisema, "Mwanangu, kwani kaburi la babu yako watalihamisha?" Wengine walimwita msaliti, na ndio hao hao wanaomwomba ada za shule.

Annapolis inapokea vijana wachache wa nje, ila serikali zao ndizo zinazowapendekeza, na wakimaliza wanarudi kutumikia majeshi ya kwao. Kwa hiyo aliyeko Mbeya aulize kwanza JWTZ, asiniulize mimi.

Hayo ni yaliyotukuta sisi. Umri wako, kesi yako ya viza, macho yako, vinaweza kubadilisha kila kitu, kwa hiyo uliza mwanasheria wa uhamiaji na usinishike shati. Na yule anayeuza "nafasi za US Navy" kwenye WhatsApp kwa laki nane: jeshi hili haliajiri watu walioko Tanzania, na kujiunga hakuna ada. Kama umeshamtumia, peleka risiti polisi. Namba yangu usimpe.