Kikombe cha Majani ya Rehani Kina Gramu Ngapi?

Mwadila, ndugu zangu. Mliochelewa kwa sababu ya daladala, viti vipo huku mbele.

Mji wetu huu wa Mwanza unaishi kwa mizani. Sangara akishushwa Kirumba mwaloni anapimwa, pamba inapimwa, na dhahabu ya Geita ndiyo usiseme. Lakini majani ya kiungo kama giligilani tunayanunua kwa fungu, na fungu la masika si fungu la kiangazi. Ukipika sato wawili wa nyumbani haina neno, mkono unajua. Leo nasema na ninyi mnaopikia harusi na misiba, ambao hata usipokuwepo jikoni, msaidizi wako anatakiwa atoe ladha ileile.

Tazameni hapa mezani. Kikombe hiki ni cha mililita 250. Nadondosha majani mazima ya rehani, sigandamizi, mpaka ukingoni. Kimejaa? Kimejaa. Sasa nasukuma kwa vidole viwili tu. Mnaona yalivyoshuka? Jani halijapungua hata moja, kilichotoka ni hewa. Nikiyakata kwa kisu yatalala zaidi.

Wizara ya Kilimo ya Marekani ina majedwali ya vipimo, na kikombe chao ni kama mililita 240. Kikombe cha majani mazima ya rehani kwao kinafika gramu 24 hivi. Rehani hiyohiyo ikikatwakatwa, kikombe kinabeba gramu 42. Sasa chukua maelezo ya mapishi yanayotaka vikombe kumi vya rehani kwa sufuria la shughuli. Mpishi mmoja anapima kwanza ndipo akate: gramu 240. Mwenzake anakata ndipo apime: gramu 420. Wote wataapa kwamba wamefuata maelezo, na wote wanasema kweli.

Kwa hiyo ukiandika maelezo yako, andika gramu. Ukishindwa, andika basi kama majani ni mazima au yamekatwa, yamelegea au yameshindiliwa. Na taja mashina. Shina la giligilani ni laini, lina harufu, mimi nalisaga na kitunguu saumu na kuliingiza kwenye mchuzi. Shina la nanaa silitaki kabisa, ni gumu na linakwama kwenye meno ya wageni. Gramu 100 za nanaa kama ilivyotoka sokoni si gramu 100 za majani ya nanaa. Kung'uta maji pia kabla ya kupima, la sivyo unapima maji ya bomba.

Vijiko navyo vina ujanja wake. Kijiko cha chakula kwa kawaida ni mililita 15, lakini Australia ni 20. Cha chai ni 5. Kile cha kwenye bakuli la sukari hapo nyumbani sikisemei.

Mtu ameniuliza hapa kuhusu majani makavu. Kanuni ya wapishi ni vijiko vitatu vya mabichi kwa kimoja cha makavu. Hiyo ni ya vijiko, msiipeleke kwenye mizani! Jani bichi la giligilani ni maji zaidi ya asilimia 90, kwa hiyo gramu 100 zikikauka unabaki na gramu kumi hivi, wala si thelathini na kitu. Na giligilani kavu, kwa ulimi wangu, ni nyasi. Rozimeri inavumilia kukaushwa.

Mwenye mizani ya samaki pekee asikate tamaa. Ile haisomi gramu 20, lakini inasoma kilo. Nunua mafungu mengi kwa pamoja, ondoa mashina usiyoyataka, pima yote kwa mpigo, kisha jaza kikombe chako kilekile cha jikoni mpaka majani yaishe, ukihesabu vikombe. Gawanya gramu kwa vikombe. Namba utakayopata iandike kwa kalamu ya wino mzito kwenye kikombe chenyewe, na jina la jani. Rudia kwa rehani, rudia kwa nanaa, maana kila jani lina yake.

Haya, mizani ndogo iko hapa. Njooni wawili wawili, anzeni na giligilani.