Klabu za Huduma na Amani ya Visiwani

Mhadhara uliotolewa Chake Chake, Pemba, mbele ya walimu, viongozi wa dini na wanachama wa jumuiya za shehia (ngazi ya chini ya utawala Zanzibar, inayoongozwa na sheha)

Wazee wetu, masheikh na viongozi wa dini zote mliohudhuria, walimu, kina mama na kina baba, na nyinyi vijana mliojaza safu za nyuma: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, na amani iwe juu yenu nyote.

Nimeombwa nizungumzie klabu za huduma, yaani vyama vya kujitolea vya mfano wa Rotary na Lions, na mchango wake katika ujenzi wa amani na utoaji wa sadaka. Niseme mapema ninaloliamini, ili anayepingana nami ajitayarishe kunipinga mwisho wa mazungumzo. Kutoa peke yake hakupatanishi watu. Mahali palipogawika, sadaka inaweza hata kuuzidisha mgawanyiko, kwa sababu kila anayepita ataangalia nani amepewa, nani amerukwa, na nani alikuwa na orodha mkononi. Kinachopatanisha ni kazi inayotangulia kutoa: watu wasiokubaliana kukaa kitako pamoja, wakaulizana haja iko wapi, wakachangishana, wakahesabu fedha mbele ya wenzao, kisha wakaenda kukabidhi wakiwa pamoja.

Rotary ilianzia Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905, pale wakili Paul Harris alipokutana na wenzake watatu, mmoja mfanyabiashara wa makaa ya mawe, mmoja mhandisi wa migodi na mmoja mshona nguo. Chicago ya wakati ule ilikuwa imejaa watu waliotoka mbali ambao hawakujuana, na haja yao ya kwanza ilikuwa urafiki na kusaidiana katika biashara. Huduma kwa wengine ilikuja baadaye kidogo, na moja katika kazi zao za mwanzo ilikuwa kushughulikia ujenzi wa vyoo vya umma mjini humo. Kanuni waliyoichukua tangu mapema ni kuchanganya watu wa kazi mbalimbali, ili klabu isiwe ya mawakili watupu wala ya wauza makaa watupu. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1917, katika mji huohuo, Melvin Jones, mtu wa biashara ya bima, aliongoza kuanzishwa kwa Lions.

Asitokee mtu hapa akasema kwamba mambo haya ni ya kigeni na hayatuhusu. Mwaka huohuo wa 1905, Mjini Unguja, iliundwa Ikhwani Safaa, ambayo wengi wetu tunaijua kwa taarabu yake. Sisi tumekuwa watu wa vyama kabla ya wazazi wetu kuzaliwa: vyama vya lelemama vya kina mama, timu za mpira, upatu, kamati za maulidi na za misikiti, na zile kamati zisizo na jina ambazo hununua sanda na kuchimba kaburi kabla ya mfiwa hajauliza gharama. Tunajua kuchanga na tunajua kuchagua mweka hazina. Tulichowahi kushindwa nacho, tena zaidi ya mara moja, ni kuuzuia mpasuko wa siasa usiingie ndani ya vyama hivyo.

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka Zama za Siasa, ile miaka ya mvutano wa vyama kabla ya uhuru. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1957 watu waligomeana madukani na katika mabasi, na wapo waliosusiana hata mazishi. Vyama vya ngoma na vya mpira navyo vikavutwa huku na kule. Ulipofika uchaguzi wa Juni 1961, ghasia ziliua watu 68. Nayakumbusha haya nikijua kwamba yanauma, kwa sababu yanaonyesha kitu mahsusi: uhasama ule ulijengwa kidogo kidogo, dukani, katika foleni ya basi na mlangoni pa mfiwa, na damu ikaja baada ya watu kuwa wamekwisha kuacha kushirikiana katika mambo madogo.

Hali hiyo ilirudi katika miaka ya tisini, na hapa Pemba hakuna haja ya kumueleza mtu. Ndugu waliacha kuzikana. Ulitiwa saini Muafaka wa kwanza, makubaliano ya vyama vya CCM na CUF, mwaka 1999, na bado Januari 2001 watu zaidi ya thelathini waliuawa na wengine zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari kwenda Shimoni, Kenya, kutafuta hifadhi. Ukaja Muafaka wa pili Oktoba 2001. Kisha, tarehe 5 Novemba 2009, Rais wa Zanzibar Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa CUF, walikutana Ikulu, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 iliidhinisha Serikali ya Umoja wa Kitaifa kwa asilimia 66.4. Ilikuwa kazi kubwa ya viongozi, na Mwenyezi Mungu awalipe wote walioibeba, akiwemo marehemu Mzee Hassan Nassor Moyo aliyeiongoza Kamati ya Maridhiano. Hata hivyo, uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, kususiana kulirudi vijijini kwa kasi iliyotushtua. Kwa maoni yangu sababu moja ni hii: maridhiano yalikuwa na mikutano ya juu, lakini kule chini katika shehia hapakuwa na chombo cha kudumu kinachowafanya watu wa pande mbili wahitajiane kila wiki kwa kazi isiyokuwa ya siasa. Hapo ndipo ninapoona nafasi ya klabu za huduma.

Kanuni za Rotary haziruhusu klabu kumuunga mkono mgombea yeyote wa uongozi wa umma. Wanachama ni huru kuwa na vyama vyao, lakini klabu haina chama. Uongozi nao hubadilika kila mwaka, ili pasiwe na mtu wa kusema klabu ni yake. Mtu anayekutana kila wiki na jirani aliyempigia kura mpinzani wake, wakabishana juu ya bei ya mabomba ya kisima na wakamaliza wakiwa na bei moja, amejifunza kitu ambacho semina ya siku mbili haiwezi kumfundisha: kwamba anaweza kutofautiana na mtu huyu na kazi ikaenda.

Mfano unaonigusa kuliko yote unatoka El Salvador. Mwaka 1985, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimepamba moto, serikali na wapiganaji waliridhia kusimamisha mapigano kwa siku tatu tofauti ili watoto wachanjwe, baada ya juhudi za UNICEF na Kanisa Katoliki. Watoto wapatao laki mbili na nusu walichanjwa. Vita havikwisha, vilidumu miaka mingine kadhaa, na mtu anaweza kuuliza faida iko wapi. Faida ni watoto hao kwanza. Pili, ni kwamba maadui wawili walithibitisha kuwa neno lao linaweza kushikika kwa siku moja, na siku za utulivu za namna hiyo zikaja kutumika katika nchi nyingine zenye vita. Mwaka huohuo wa 1985 Rotary ilianzisha mpango wake wa kupambana na polio duniani. Mwaka 1988, ushirikiano wa kimataifa wa kuutokomeza ugonjwa huo ulipoanza, ilikadiriwa kuwa watoto wapatao 350,000 walikuwa wakipooza kila mwaka katika nchi 125. Agosti 2020 Kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilithibitishwa kuwa haina tena polio ya virusi vya asili. Kazi hiyo ilihitaji chanjo ifike vijijini ambako serikali haikuaminiwa, na pale palitakiwa mtu wa mahali, mfanyabiashara au mwalimu anayejulikana, wa kusimama mlangoni na kusema mimi namjua huyu muuguzi.

Fedha za kazi kama hizo hutoka wapi? Rotary ilianza mfuko wake mwaka 1917 kwa pendekezo la Arch Klumph, na mchango wa kwanza, kutoka klabu ya Kansas City, ulikuwa dola 26 na senti 50. Mfuko huo leo unawasomesha wataalamu wa amani katika vyuo vikuu, na kituo chake cha kwanza barani Afrika kipo Makerere, Uganda, tangu mwaka 2020. Lions nao wana mfuko wao tangu 1968, na tangu Helen Keller alipowahutubia mwaka 1925 wamelibeba suala la upofu kuliko jambo jingine lolote. Mtu wa Micheweni aliyeondolewa mtoto wa jicho akamuona mjukuu wake hana haja ya kujua daktari wala mfadhili ni wa chama gani.

Sasa niseme upande wa pili, maana klabu si kinga. Wanazi walipoingia madarakani Ujerumani mwaka 1933, klabu za Rotary za huko ziliwatoa wanachama wao Mayahudi ili ziachwe ziendelee. Hazikuachwa, kufikia mwaka 1937 zilikuwa zimevunjwa zote. Zilipoteza utu wao kwanza, na uhai wao baadaye. Kwa hiyo klabu itakayoundwa Wete au Mkoani ikaanza kumuondoa mwanachama kwa sababu jina lake halipendezi kwa wakubwa, au kwa sababu asili yake si ya hapa, itakuwa imejifuta yenyewe hata kama kibao kitabaki mlangoni. Naomba jambo hili liandikwe katika katiba zenu kwa maneno yasiyo na kona.

Upungufu mwingine ni wa kawaida zaidi. Klabu nyingi hukutana katika hoteli, ada yake ni kubwa, na mazungumzo ni ya Kiingereza. Mwalimu wa skuli ya msingi, mvuvi na mama anayeuza urojo hawawezi kuingia humo, na wakiingia hawatasema. Klabu ya matajiri watupu inaweza kutoa sana, lakini haiwezi kupatanisha, kwa sababu waliogombana hawamo ndani yake. Ningependa kuona klabu zinazokutana skulini baada ya alasiri, kwa Kiswahili, kwa kikombe cha kahawa.

Nije kwenye sadaka yenyewe. Kila Ramadhani tunaona picha: mzee amesimama amepokea mfuko wa mchele, pembeni yake mtoaji anatabasamu, nyuma yao bango. Naelewa kwamba wafadhili wanataka ushahidi wa matumizi. Lakini Qurani imetukataza kuziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi, na imetuambia kwamba kuzidhihirisha ni vizuri, ila kuzificha na kuwapa mafakiri ni bora zaidi. Picha ile ni masimbulizi yasiyosemwa, na mjukuu wa mzee ataiona simuni, na wenzake skulini wataiona. Ushahidi wa kweli upo katika risiti, katika daftari lililosainiwa na watu wawili, na katika mkutano wa wazi ambapo mwananchi yeyote anaweza kuuliza. Muonyesheni mfadhili hesabu, na nyuso za watu ziacheni.

Na ile orodha niliyoigusa mwanzo inahitaji uangalifu zaidi ya picha. Desturi yetu ni kumuendea sheha atutajie wenye shida. Masheha wengi ni watu waadilifu, ila sheha huteuliwa na serikali, na anayehisi kwamba hatakiwi na serikali atadhani ameachwa kwa makusudi hata kama amesahauliwa tu. Basi orodha itengenezwe na watu wanne au watano kwa pamoja: sheha, imamu, mwalimu, muuguzi wa kituo cha afya, na mtu anayejulikana kuwa wa upande mwingine wa siasa. Wakikubaliana majina, hakuna atakayewashuku wote kwa mara moja. Wasipokubaliana, ule ubishi wenyewe ni sehemu ya kazi ya amani, na ni heri ufanyike katika chumba hicho kuliko barazani baada ya mchele kugawiwa.

Tena tusitosheke na mchele. Wazee wetu walituachia wakfu, ambao siri yake ni kwamba mali haitolewi ikaisha. Shamba au nyumba hubaki, na tija yake hulisha wenye haki kizazi baada ya kizazi. Hapa tunayo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Sioni kwa nini klabu mbili au tatu za Pemba zisichange kwa miaka michache zikanunua mikarafuu, wakaiweka wakfu kwa ajili ya mayatima wa kila shehia bila kubagua, na usimamizi ukawa wa watu wa pande zote.

Tumewahi kushirikiana hivyo, bila kubagua. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikielekea huku Pemba, watu zaidi ya mia sita waliokolewa, wengi wao na wavuvi waliotoka na vyombo vyao bila kuamrishwa. Kesho yake kina mama walipika, madaktari walijitolea, vijana walibeba majeneza, na misiba ya siku zile ilijaa watu waliokuwa hawajapeana mkono kwa miaka. Tulishindwa kuyaendeleza yale, kwa sababu yalikuwa ya huzuni na hayakupewa umbo: hapakuwa na kikao kilichopangwa kwa wiki iliyofuata.

Ndiyo maana ombi langu kwenu ni dogo na lina tarehe. Kabla ya kufungua akaunti ya benki au kuandika barua kwa wafadhili wa nje, kila jumuiya iliyopo hapa ichague watu saba, na wasiopungua watatu wawe ni wale ambao waliobaki hawawasalimii. Wakutane Jumamosi ijayo baada ya alasiri, wachague jambo moja tu la shehia yao, liwe bomba lililokatika, madawati au usafiri wa wajawazito, na walimalize kabla ya kugusa la pili. Fomu za kuandikisha majina zipo kwa mwalimu aliyekaa karibu na mlango. Sasa napokea maswali, na ningependa kuanza na wale wasioafikiana nami kuhusu orodha na masheha.